Nesi Liang na Kadi ya Mama Joel

Niliacha kazi mwezi uliopita kwa sababu ya magoti. Wengine hustaafu kwa barua na keki. Mimi nilistaafu kwenye ngazi za hospitali moja kubwa, lifti zimejaa, mgonjwa wangu ametangulia ghorofa ya tatu na mimi nimekaa ya pili nahema. Mgonjwa akashuka, akanishika mkono, akanipandisha. Nikajiuliza, Fausta, hapa nani anamsindikiza nani?

Ninyi mabinti watatu wa chuo mliokubali kuishika kazi hii siku msizokuwa na vipindi mmeniomba niwaandikie ninayoyajua. Habari za malipo sitaziandika, hazifundishi kitu. Za vyeo pia hapana, kwa sababu hakuna vyeo. Wewe ni msindikizaji wa wagonjwa siku ya kwanza na msindikizaji wa wagonjwa siku ya mwisho.

Sikuja huku China, Guangzhou, kwa kazi hii. Nilikuja kununua viatu. Nilikuwa na duka Morogoro, na kila baada ya miezi michache nilipanda ndege kuja kubanana na wenzangu Mtaa wa Zhanxi, karibu na stesheni ya treni, ambako mkokoteni una haki ya njia kuliko binadamu. Kichina changu chote nilikiokota pale. Baadaye duka likafa, kifo cha kawaida tu, nami nikabaki huku kuwatafsiria wanunuzi wapya.

Mgonjwa wangu wa kwanza aliumia mbele ya macho yangu. Alikuwa mnunuzi kutoka Singida, bonge la mtu, na mkokoteni wa mabegi ukampita juu ya mguu. Nikampeleka hospitali mimi kwa sababu wengine wote walikuwa katikati ya kupatana bei. Daktari akauliza panauma wapi, na hapo nikagundua kwamba Kichina changu kilikuwa cha viatu. Nilijua soli, kisigino, kidole, kamba na mshono. Kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini nilikuwa mkalimani kamili. Kuanzia kifundo kwenda juu nilikuwa bubu. Kwa bahati yake aliumia chini. Nikamweleza daktari kwamba mshono umeachia upande wa kushoto karibu na kisigino, na kwamba mzigo huu haukufika hivi, umeharibikia hapa hapa. Daktari akaagiza eksirei. Mfupa ulikuwa umepasuka pale pale nilipoonyesha. Sijawahi kuwa sahihi namna ile tena.

Sifa zikaenea kwamba Mama Joel, yaani mimi, anajua Kichina cha hospitali. Wiki iliyofuata nikaletewa mtu wa figo.

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja mfagiaji wa hospitali ile kubwa, mwanamke mfupi mwenye ndoo, ambaye alichoka kuniona nikizunguka na wagonjwa kama mbuzi waliokosa zizi. Siku moja aliegesha ufagio, akanishika mkono wa shati, akanipeleka dirisha kwa dirisha. Kwanza hapa: namba. Huku wanaita guahao. Bila namba wewe hujaumwa bado. Kisha chumba cha daktari. Kisha dirishani kulipia kipimo, kisha maabara, kisha kwa daktari yule yule na karatasi, kisha dirishani tena kulipia dawa. Mambo mengi siku hizi yamehamia kwenye simu, lakini mpangilio ni ule ule, na mgonjwa anayekimbilia maabara kabla ya kulipia anarudishwa vile vile kama zamani.

Vifaa vyangu ni hivi, na mnaweza kucheka. Chupa ya maji ya moto, kwa sababu daktari wa Kichina akikosa la kusema atasema unywe maji ya moto, na ukiyatoa hapo hapo kwenye mkoba anakuheshimu. Faili la plastiki lenye nakala za pasipoti. Kigoda cha kukunja. Biskuti kwa ajili ya wanaopimwa damu bila kula. Ndala, maana mgonjwa wa Zhanxi huja na viatu vipya anavyovipima, na hadi saa nne vimemkata. Na daftari la maneno ya mwili, ambalo nililijaza kuanzia kifundo kwenda juu, kila mgonjwa akinipandisha kidogo. Ilinichukua mwaka mzima kufika kichwani.

Lakini hospitali kubwa si mahali pa mtu mwenye kikohozi. Mnapanga foleni asubuhi yote, daktari anawapa dakika tatu, na mkirudi kesho ni daktari mwingine asiyewajua. Watu wetu walitaka wanachokijua kutoka nyumbani: nesi mmoja, karibu, anayejua kwamba mtoto wako ana pumu na mama mkwe wako anadanganya kuhusu chumvi. Nesi wa familia. Mjini hapa penye kila kitu cha kununua, hicho nilikitafuta muda mrefu kuliko bidhaa yoyote niliyowahi kuagiziwa.

Nilianza kwa mwenzetu mmoja aliyekuwa anatundika dripu kwenye chumba cha hoteli, ghorofa ya tisa. Malaria, dripu. Mgongo, dripu. Mmoja alikwenda kuulizia nauli ya mzigo akatoka na plasta mkononi. Nikahamia kwenye duka la dawa, ambako msichana wa kaunta alikuwa mkarimu sana na alijibu kila swali kwa chupa ya shira ya kikohozi.

Nesi Liang nilimpata kwa sababu nilikuwa natafuta choo. Huo ndio ukweli. Nilikuwa nakatisha kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kati ya mgahawa wa tambi na fundi wa simu, nikaona mlango wa kioo na watu wazee wamekaa kimya. Nikaingia. Kilikuwa kituo cha afya cha mtaa. Mezani alikaa mwanamke wa makamo, nywele zimekatwa fupi, miwani imening'inia kwenye kamba.

"Choo kiko wapi?" nikauliza.

"Choo ni cha wagonjwa."

"Basi mimi mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

Nilikuwa nimefika hali ambayo mtu hatungi uongo. "Naumwa choo," nikasema.

Hakucheka. Alinyoosha mkono akaomba pasipoti, akaandika jina langu taratibu, akanipa kadi na daftari jembamba la mgonjwa, akanifunga mkono na kupima presha. "Iko juu kidogo," akasema. "Sasa nenda, mlango wa mwisho." Nilipotoka alikuwa ameshaandika ukurasa wa kwanza: presha juu kidogo, mgonjwa ana haraka.

Daktari alikuwepo, chumba cha ndani, ndiye aliyeandika dawa na kugonga muhuri. Lakini aliyewajua watu alikuwa Liang. Alijua mzee yupi anakunywa dawa na yupi anaziweka sufuriani. Nikaanza kuleta wa kwetu mmoja mmoja. Wanafunzi wa chuo wenye vidonda vya tumbo na hamu ya nyumbani, ambavyo kwa mtu wa miaka ishirini ni ugonjwa mmoja. Mzee mmoja wa Arusha aliyekuja peke yake kwa ajili ya mkojo wa rafiki yake. Liang alimchunguza rafiki huyo kwa heshima zote bila kumtaja. Na wafanyabiashara, ambao walipatana naye bei ya vidonge.

"Siku saba nyingi," aliwahi kusema Bwana Mushi, muuza simu wa Moshi. "Mwambie nne."

Nikatafsiri. Liang aliishi maisha yake yote mtaa wa pili kutoka masoko ya jumla. "Saba," akasema.

"Tano, tufunge."

"Nane."

Mushi akanigeukia. "Huyu mama anapandisha?"

"Anapandisha."

"Basi saba," Mushi akasema haraka, na akazimaliza zote saba kwa woga.

Liang alikuwa ananiita dada mkubwa, heshima ya Kichina kwa mwanamke ambaye hutaki kumuuliza umri. Sikuwahi kumwona akipiga kelele, wala akimshika mtu wetu kwa ncha za vidole kama anashika samaki. Mkifanya kazi hii mtajua jambo hilo lina thamani gani.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimelizunguka vya kutosha.

Ili kufungua daftari pale, mgonjwa alitakiwa kuja na pasipoti. Ni hilo tu. Lakini pasipoti za wafanyabiashara hazikai na wenyewe. Ziko kwa wakala wa viza, au kwenye sanduku la hoteli, au zimefichwa mahali ambapo mwenyewe amesahau. Na wengine waliogopa. Waliamini kwamba jina likiandikwa kituoni litasafiri hadi uhamiaji, ingawa hakuna aliyewahi kuona likisafiri. Siku moja alikuja dada mmoja na jino limemvimbisha shavu, pasipoti iko kwa wakala, anataka kulia. Nikampa kadi yangu. "Wewe leo ni Fausta," nikamwambia. Liang akaisoma kadi, akamtazama, akamhudumia.

Ikawa desturi. Waliiita kadi ya Mama Joel. Ilikaa kwa muuza chapati wa Xiaobei, mtaa wanakokaa Waafrika wengi, na mwanamke yeyote akiumwa anaipitia, ananipigia simu, tunakwenda. Kwa mujibu wa daftari langu la mgonjwa, mwaka ule nilikuwa na jino, kidonda cha tumbo, goti la kushoto, goti la kulia, na mkanda wa jeshi. Nilipungua kilo kumi na nane kati ya Jumatatu na Alhamisi, na Jumamosi nikazirudisha.

Hatukuona aibu, na sababu yake haipendezi. Tuliamini kwamba Wachina hawatutofautishi. Tulisema hivyo kwa kucheka, tukila chapati. Sisi wenyewe tulimwita kila mwanaume mwenye duka laoban, yaani bosi, ili tusihangaike kumkumbuka, na mara mbili kwa wiki tulimfokea bosi ambaye si wa kwetu. Tukadhani na wao wako hivyo hivyo.

Kisha akaja Consolata.

Consolata alikuwa muuza nguo za watoto kutoka Kahama, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Alikuja kununua nguo za Krismasi kwenye majengo ya Mtaa wa Zhanqian, na kontena alilochangia na wenzake lilikuwa linafungwa Ijumaa. Jumanne alianza kutetemeka.

"Ni viyoyozi vya humu madukani, Mama Joel," akaniambia kwenye simu. "Wanatuweka kama nyama."

"Una homa?"

"Nina magauni mia tatu sijayaona. Homa nitaumwa nikifika Kahama."

Nilimfuata dukani nikamkuta amekaa juu ya robota, amejifunika gauni la mtoto kama kilemba. Pasipoti iko kwa wakala. Nikachukua kadi, nikamvuta hadi kwa Liang.

Liang alimpima joto na kumwandikia ile tarakimu kubwa bila kubadilisha uso. Kisha akauliza swali ambalo kila mwenye homa huulizwa. "Hivi karibuni umesafiri? Umetoka nje ya nchi?"

Consolata alikuwa na siku tano tangu ashuke kwenye ndege. Lakini kadi ilisema Fausta, na Fausta alikuwa hajatoka Guangzhou miaka mitatu. Wala sikumtafsiria swali. Nilijibu mwenyewe, kwa Kichina safi, kuanzia kifundo hadi kichwani.

"Hapana."

Liang akaweka kalamu chini. Hakumtazama Consolata, alinitazama mimi. "Miezi hii yote, hapana?"

"Hapana."

Wakampima mafua. Hayakuonekana. Daktari akaandika dawa ya homa, mapumziko, maji ya moto, arudi baada ya siku mbili au mapema akizidiwa. Nikamrudisha hotelini. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu mnaweza kudhani sikujua. Mimi ni wa Morogoro. Nimeumwa malaria mara nyingi kuliko nilivyoumwa mafua. Mtu akitetemeka namna ile Morogoro, hata mpita njia atakuambia kapime malaria. Lakini nilikuwa nimeshaifuta safari ya Consolata ili kadi yangu isomeke vizuri, na nilivyoifuta kwa Liang nikaifuta kichwani mwangu pia. Nilipokuwa nampa vidonge vile nilimwona kweli kama mtu wa Guangzhou mwenye mafua.

Asubuhi ya pili yake mhudumu wa hoteli alinipigia, akaniomba nije nimchukue ndugu yangu. Nilimkuta Consolata amekaa kitandani anapatana bei na pazia. Alikuwa anaongea kwa upole, jambo ambalo si lake. "Laoban," analiambia pazia, "punguza, mimi mteja wa zamani." Nikamshika uso nikamgeuza kwenye dirisha. Weupe wa macho ulikuwa wa njano.

"Consolata, unanijua mimi nani?"

Akafikiri. "Wewe Fausta," akasema. "Na mimi Fausta."

Nilikaa kwenye kile kitanda labda kwa dakika nzima, na ninawaambia nilichofikiria, kwa sababu ndicho mtakachofikiria siku yenu. Hospitali kubwa haikuwa mbali. Ningeweza kumpeleka kule, kwa watu wasiotujua, nikasema ukweli kwa mgeni na Liang asijue kamwe. Nikimwambia Liang, nimempoteza, na wengine wote waliokuwa wanamtegemea wamempoteza. Lakini kule kubwa ningeanza na namba, na dirisha, na pasipoti ambayo hatunayo, na mgonjwa anayejitaja kwa jina langu. Liang alikuwa dakika sita kwa teksi, na alikuwa na simu ambayo hospitali zinaipokea.

Kituoni palikuwa na foleni ya wazee. Niliipita yote, wakanilalamikia kwa haki kabisa. Nikamkalisha Consolata kwenye kigoda changu mbele ya meza.

"Huyu si Fausta," nikasema. "Fausta ni mimi. Huyu anaitwa Consolata. Ametoka Tanzania, leo siku ya sita. Nilikudanganya. Nadhani ni malaria."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alivuta karatasi mpya. "Jina lake. Herufi moja moja."

Nikamtajia.

"Kwao kuna mbu?"

"Wengi."

"Alilala ndani ya chandarua?"

Nikamuuliza Consolata. Akasema pazia ndilo linalojua.

Liang alishanyanyua simu. Aliongea Kikantoni, haraka, nikashika maneno mawili tu, Afrika na njano. Daktari akatoka chumba cha ndani na miwani mkononi, akamfunua Consolata jicho, akachukua simu mwenyewe. Ambulensi ilifika kabla sijamaliza kutafuta ndala zake. Kabla mlango haujafungwa Liang alinisukumia ile karatasi mpya, imegongwa muhuri, jina la Consolata juu na nchi aliyotoka imepigiwa mstari mara mbili. "Usiipoteze," akasema. "Na pasipoti yake ifike leo." Hakuniita dada mkubwa.

Damu ilionyesha wadudu wengi. Walimwekea dawa ya mshipani, ile inayotengenezwa kwa jani linalolimwa huku huku China. Nyumbani Consolata angeipata asubuhi ile ile aliyoanza kutetemeka. Hapa, nchi inakotoka dawa yenyewe, ilibidi itafutwe kwenye jengo jingine, kwa sababu wanaoihitaji ni wachache na mmoja wao alikuwa ameletwa na mtu aliyesema hajasafiri. Mimi nilikimbia kwa wakala wa viza. Aliniambia mei you, hakuna, rudi kesho. Sitaandika nilichomjibu. Pasipoti ilipatikana.

Siku mbili sikujua kama atapona. Nesi wa wodi alikuwa ananiambia "tuone," na mimi natafsiri "tuone" kwa mume wake kwenye simu Kahama, naye anauliza "tuone nini?" Siku ya tatu asubuhi niliingia nikamkuta ameketi, midomo imekauka, ananitazama kwa hasira.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

Akafumba macho. "Kontena?"

"Limeondoka jana."

"Na magauni?"

"Yako kwa laoban, bado."

"Krismasi imekwisha, Mama Joel," akasema, na sauti ilikuwa imerudi kubwa kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili alijifunika shuka. Nililia pale pale. Akadhani nalilia magauni, akaanza kunibembeleza.

Jumatatu nilikwenda kwa Liang, muda wa chakula cha mchana, nikiwa na kadi na daftari langu la mgonjwa mkononi. Nikaviweka mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba yake na nilikuwa na yangu. Hakutoa hotuba. Alikuwa anakula wali kwenye kopo, akalisogeza pembeni, akafungua droo na kutoa daftari lake mwenyewe, lenye jalada la shule. Akaligeuza nilisome. Nilisoma kwa shida. Kulikuwa na ukurasa wa mwenye pengo la mbele, presha kawaida, mwambie aache soda. Ukurasa wa mwenye kovu la kiganja, kidonda cha tumbo. Ukurasa wa anayecheka, sukari, afuatiliwe. Wote walikuwemo. Kila mmoja kwa tarehe zake, dawa zake, uzito wake usiorukaruka.

"Ulijua," nikasema.

"Dada mkubwa, nimekaa meza hii miaka mingi. Nisijue goti la nani ni lipi?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangeacha kuja." Alifuta mdomo na karatasi. "Nikaona heri waje kwa jina lako kuliko wasije. Sura naziona mwenyewe. Uzito nitapima. Lakini mtu alikotoka sina kifaa cha kupimia. Hicho kilikuwa mdomoni mwako."

Nikaisogeza kadi karibu naye.

"Nami nilikosea," akaendelea. "Nilijua si wewe. Niliuliza mara mbili, nikaogopa kukuaibisha. Ilitakiwa nikutoe nje nimuulize mwenyewe kwa vidole." Akaichukua kadi yangu, akaifunga na daftari langu kwa mpira, akaliandika juu: limefungwa. "Waambie walete pasipoti. Mmoja mmoja. Hakuna atakayeulizwa viza hapa, sina muda huo. Na wewe utaanza upya, sijui hata presha yako ni ipi kati ya hizi."

Walikuja. Haikuwa rahisi, niliwafuata mmoja mmoja, mwenye kovu nilimfuata mara nne. Nilimwambia kila mtu kisa chote, pamoja na pazia, kwa sababu aibu yangu ilikuwa inawasogeza kuliko nasaha zangu. Liang aliwaandika majina, na mbele ya kila jina, kwa penseli, akaacha yale maneno yake ya zamani, pengo, kovu na soda. Mwenye pengo alipotafsiriwa yake aliacha soda.

Kwa hiyo, mabinti, mkiulizwa swali, litafsirini kwanza. Hata kama jibu mnalijua. Hasa kama jibu mnalijua. Mgonjwa ana haki ya kulisikia swali lake, na ninyi mna kazi ya kutojibu. Ni kazi ngumu kuliko ngazi, lakini mtaizoea, na mkikosea rudini mseme mapema. Mlango wa Liang nimewaonyesha. Choo ni mlango wa mwisho.

Consolata alirudi Guangzhou miezi kadhaa baadaye. Alishuka kwenye ndege asubuhi, na kabla hajagusa gauni hata moja akanipigia nimpeleke kituoni. Hakuwa anaumwa. Aliweka pasipoti yake mezani, akavuta kiti, akamtazama Liang usoni na kuanza, kwa sauti ile yake, kabla hajaulizwa chochote.

"Mwambie nimetoka Kahama Jumapili. Nikapanda basi hadi Dodoma, nikalala kwa shangazi, chandarua kipo lakini kina tundu. Kutoka Dodoma hadi Dar, nikalala siku mbili kwa mkwe wangu, pale hakuna chandarua kabisa, mkwe ni mchoyo, mwambie na hilo. Mbu wamenila mkono huu. Ndege nikabadilisha Addis, sikutoka nje. Homa sina. Kichwa hakiumi. Mwambie yote, Mama Joel, nakusikiliza."

Nyuma yetu wazee wa foleni walianza kunung'unika. Liang alikuwa ameshavua kifuniko cha kalamu. Nikaanzia Kahama, nikaenda kituo kwa kituo, na tundu la chandarua, na uchoyo wa mkwe, sikukata hata neno.